Nzi Abaki Juu ya Maji: Mwongozo Kamili kwa Mvuvi wa Mombasa Anayepanda Bara

Jahazi halipakwi deheni likiwa majini. Husubiriwa maji yakupwe, likae juu ya mchanga, likwanguliwe, likauke mpaka kiganja kikipita juu ya ubao kitoke kikavu. Ndipo chokaa iliyokandwa kwa shahamu ipakwe. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa akinichukua pwani tangu sijaanza chuo, alikuwa na neno moja kwa kijana mwenye haraka: "Ubao umeshakunywa maji, mafuta utayaweka wapi?"

Neno hilo lilinirudia miaka mingi baadaye nikiwa nimesimama ndani ya mto Gura, katika milima ya Aberdare, maji yakinifika magotini. Trauti, samaki wa mito ya baridi, walikuwa wakila juu, miduara ikifunguka kila upande, nami nampaka jeli ya kuelea nzi wangu aliyelowa chepechepe, yaani ile ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Namrusha, anaelea kitambo, anazama. Nampaka tena, safari hii nyingi zaidi, naye anazama upesi zaidi. Asubuhi nzima ikaenda hivyo. Jeli haikuwa na kasoro wala nzi hakuwa na kasoro. Nilichokuwa nikifanya ni kuyafungia maji ndani yake.

Basi shika hili kabla ya jingine lolote: dawa ya kuelea ni ya nzi mkavu. Kumkausha ndiyo kazi kubwa, kumpaka ni kazi ndogo. Na kwetu sisi tunaoishi Mombasa, kukausha huanza nyumbani, wiki moja kabla ya safari, kwa sababu hewa yetu yenyewe imebeba maji.

Kinachomshikilia juu

Chukua bilauri ya maji safi na sindano nyembamba ya kushonea. Ilaze sindano juu ya kipande kidogo cha karatasi ya shashi, kisha uiweke karatasi juu ya maji taratibu. Karatasi italowa na kuzama. Sindano itabaki imelala juu, ingawa chuma ni kizito karibu mara nane kuliko maji. Inama uangalie kwa ubavu, utaona uso wa maji umebonyea chini yake kama godoro chini ya mtu. Sasa chovya ncha ya kijiti katika sabuni ya kuoshea vyombo, uguse maji kando ya bilauri. Sindano inakwenda chini papo hapo.

Nzi mkavu, ndivyo wavuvi wanavyomwita nzi wa kuelea, hukaa juu kwa mkazo ule ule wa uso wa maji. Yeye ni ndoana ya chuma iliyovikwa uzi na manyoya, na ncha za manyoya ya shingo ya jogoo zilizozungushwa mwilini mwake huusukuma uso wa maji bila kuutoboa. Maji yasipoweza kuzishika nyuzi zile, atakaa. Yakizishika, yatapanda katikati ya nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na safari ya kwenda chini imeanza.

Jaribio la sabuni si mchezo wa jikoni tu. Linakuonyesha kwa nini mikono yenye sabuni haifai kumgusa nzi. Losheni ya kujikinga na jua nayo ina viungo vinavyochanganya mafuta na maji, na kazi yake juu ya manyoya haina tofauti na ya sabuni. Paka losheni yako mapema, kabla ya kufungua kisanduku cha nzi, kisha usugue ncha za vidole kwa mchanga wa mtoni na uzisuuze vizuri.

Mkazo wa uso wa maji una wasaidizi wawili. Mmoja ni hewa iliyonaswa: manyoya ya bata yanayoota kuzunguka tezi ya mafuta juu ya mkia, ambayo wafungaji wa nzi huyaita CDC, yana vinyuzi vidogo vidogo vinavyokamata mapovu ya hewa. Nywele za kulungu wa Amerika ya Kaskazini zina vyumba vya hewa ndani yake. Msaidizi wa pili ni kitu chepesi kuliko maji, mfano ile raba ya ndara za kuogea. Ukijua nzi wako anaelea kwa njia ipi, utajua umhudumie vipi, na hapo ndipo wengi hukosea: dawa inayomfaa huyu humharibu yule.

Chagua nzi kwa maji utakayovua

Trauti hawakuwa samaki wa Kenya. Waliletwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, kwa juhudi za Ewart Grogan, wakatiwa katika mto huo huo wa Gura. Wanataka maji baridi, ndiyo maana sisi wa pwani hatuna budi kupanda: treni kutoka Miritini hadi Nairobi, kisha matatu ya Nyeri, halafu mito ya Aberdare na Mlima Kenya kama Gura, Chania, Sagana, Ragati na Thiba. Leseni ya uvuvi uwe nayo mfukoni, na ukiingia hifadhini ulipe kiingilio na umsikilize askari wa wanyamapori, kwa maana nyati hana habari na nzi wako.

Mito hii haifanani kila mahali. Penye maporomoko na povu, nzi mwembamba mwenye manyoya machache hazidi dakika chache hata umfanyie nini. Hapo weka nzi aliyejengwa kwa nywele. Elk Hair Caddis, aliyebuniwa na Al Troth mwaka 1957, ana paa la nywele zenye hewa mgongoni, na kwa maji ya Gura simwachi nyumbani. Royal Wulff, wa Lee Wulff, ana mabawa ya nywele na manyoya mengi shingoni, na anaonekana kwa mbali hata jua likikupiga usoni.

Penye kidimbwi kilichotulia, samaki ana nafasi ya kutazama. Hapo mimi humtoa Adams wa mwavuli. Adams wa asili alifungwa na Leonard Halladay huko Michigan mwaka 1922. Huyu wa mwavuli ni mtoto wake, manyoya yake yamezungushwa kwa ulalo kwenye kijimnara cheupe, kwa hiyo mwili unalala karibu na maji huku mnara ukikuonyesha alipo. Yupo pia Klinkhåmer, wa Hans van Klinken, anayetakiwa kuzama nusu: tumbo chini ya maji, manyoya na mnara juu. Ukimpaka dawa mwili mzima umemharibu.

Kuhusu vifaa vya kufungia nzi hapa kwetu, niseme jambo moja kwa uzito. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na nyara za wanyamapori ni kesi. Mtu akikuletea nywele za paa au swala kutoka porini, akakwambia ni za kufungia nzi tu, mkatalie. Nywele za kulungu zinauzwa kihalali kutoka ng'ambo, na pakiti moja inatosha nzi wengi sana. Manyoya ya bata unaweza kumwomba mchinjaji. Mwambie akuachie yale yaliyo juu ya mkia kabla hajatia bata maji ya moto. Jogoo wa kienyeji ana manyoya ya shingo mapana na laini kuliko yanayotakiwa. Yapinde moja moja dhidi ya mdomo wako: yanayochoma na kurudi wima ni ya kuelea, yanayolala yatumie kwa nzi wa kuzama.

Wiki moja kabla, bado uko Mombasa

Fungua kisanduku mezani mchana kweupe. Mtazame kila nzi kwenye tundu la ndoana na kwenye mpindo. Ndoana za nzi mkavu ni nyembamba ili ziwe nyepesi, na hewa ya chumvi inazila upesi. Penye doa jekundu, jaribu kuipinda kidogo kwa koleo. Ikikatika, shukuru imekatikia mezani.

Nzi waliojikunja manyoya kwa kubanwa kisandukuni warudishie umbo kwa mvuke. Chemsha maji birikani, mshike nzi kwa koleo juu ya mdomo wa birika kwa sekunde chache, na utayaona manyoya yakinyooka yenyewe. Kisha mwache akauke. Usimrudishe kisandukuni siku hiyo hiyo.

Sasa kinga ya kwanza. Inauzwa dawa ya maji ya kumchovya nzi nyumbani, ambayo kiyeyushi chake hupaa na kuacha nyuzi zimevikwa utando usiopenda maji. Hii ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo wengi wanaiacha kwa sababu inataka subira. Mchovye nzi, mkung'ute, mpigie kwenye karatasi, uzibue tundu la ndoana kwa sindano, kisha mchomeke kwenye kipande cha raba. Maelezo ya chupa mara nyingi husema usiku mmoja. Kwa Mombasa mimi huwapa siku mbili kamili, chumbani penye feni, mbali na dirisha la jikoni. Nzi wa CDC usimchovye ila maelezo ya chupa yaseme wazi kwamba inamfaa.

Utajiuliza, kama nilivyojiuliza, kwa nini tusitumie mafuta ya nazi, nayo yamo jikoni. Nimeyajaribu. Mombasa yanaonekana kufaa kabisa: mepesi, yanatandaa vizuri, nzi anaelea beseni zima. Lakini mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mto wenye trauti ni wa baridi kuliko hapo. Ukifika mtoni yanakuwa chembe nyeupe, yanayagandisha manyoya pamoja, na manyoya yaliyoshikana hayana tena zile ncha nyingi za kuusukuma uso wa maji. Nzi anakuwa kijiti. Mafuta ya mgando ya kujipaka yana tabia hiyo hiyo kwa baridi, nayo huacha utando juu ya maji ambao samaki wa kidimbwini anauona.

Jeli ya silikoni inakwenda kinyume. Hapa pwani joto linaifanya maji matupu. Ukiibana chupa, nusu yake inamwagika mkononi. Nimefungua begi nikakuta kisanduku kizima kimeoga. Ibebe ikiwa wima ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, katikati ya nguo, si kwenye mfuko wa pembeni unaopigwa na jua. Kule juu asubuhi itakuwa imekuwa nzito. Usiilazimishe, itie mfuko wa shati, karibu na mwili, dakika kumi.

Cha mwisho cha nyumbani ni vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Tia kimoja katika kila kisanduku. Vinapojaa unyevu, vikaushe juu ya sahani ya bati kwa moto mdogo sana au ndani ya oveni ya joto la chini, uvirudishe. Usivisage ili upate poda ya bure. Vumbi lake halifai mapafuni, na zile chembe za rangi ya buluu zina kemikali yenye sumu. Poda ya kukausha nzi nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mtoni

Hatua ya kwanza ni kumfunga nzi na kumpaka kabla hajaonja maji. Tone la jeli lisizidi punje ya mtama. Lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka lipotee kabisa, vidole ving'ae tu, kisha uyapapase manyoya kutoka shingoni kwenda nje, kama unayeyatengeneza. Ukiona weupe au ubichi juu ya nzi, umezidisha, mfute. Kwa nzi wa mwavuli papasa mnara na manyoya. Kwa Klinkhåmer usishuke chini ya manyoya. Kwa nzi wa nywele za kulungu unaweza kuwa mkarimu kidogo mgongoni. Kwa nzi wa CDC weka jeli mfukoni kabisa: itavilaza vile vinyuzi, hewa itoke, na hutaweza kuvisimamisha tena siku hiyo. Yeye ni wa poda tu.

Hatua ya pili ni kumrusha. Kumpepea nzi hewani mara mbili au tatu bila kumtua kunamkung'uta matone. Pepea ukielekea pembeni, si juu ya samaki, maana matone yanayoanguka na kivuli cha kamba vinamfukuza. Zaidi ya mara nne sioni faida. Mkono unachoka na nzi ananaswa na majani nyuma yako.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa. Nzi wengi wanaolaumiwa kuwa wanazama kwa kweli wanaburutwa. Kamba yako imelala juu ya maji ya kasi katikati ya mto, nzi yuko kwenye maji ya polepole ng'ambo. Mkondo unaibeba kamba, kamba inamvuta nzi, na nzi anayevutwa anachimba maji kwa kichwa. Hakuna jeli ya kutibu hilo. Mara tu anapotua, inua fimbo na uitupe sehemu ya katikati ya kamba upande wa juu wa mkondo, kwa mzunguko mdogo wa kiwiko, bila kumgusa nzi. Au sogea. Hatua mbili za miguu zinashinda dawa zote: ukisimama mahali ambapo kamba na nzi wako kwenye maji ya kasi moja, atasafiri mwenyewe.

Hatua ya nne, kumwinua. Usimnyakue. Ukivuta kwa ghafla kamba ikiwa bado imelala, nzi anapitishwa chini ya maji na kujaa. Kusanya kamba iliyolegea kwa mkono wa kushoto, inua fimbo polepole mpaka kamba karibu yote iwe imebanduka juu ya maji na nzi anateleza usoni, hapo ndipo umrushe nyuma. Mtu anayejua kumwinua nzi hutumia nusu ya jeli ya mwenzake.

Atalowa tu, hata ukifanya haya yote. Ukiona anakaa chini kuliko mwanzo, mnara unaelekea upande mmoja, usingoje azame. Mlete mkononi na umkaushe kwa utaratibu huu.

Mfinye ndani ya kitambaa. Wazungu wana kitu kinaitwa amadou, kilichotengenezwa kwa uyoga mgumu unaoota kwenye miti ya kwao, nacho kinanyonya maji ajabu. Mimi natumia kipande cha leso kuukuu. Lazima iwe kuukuu: leso mpya ina dondo, haishiki maji. Ile iliyofuliwa miaka, iliyobebea watoto, inanyonya mpaka tone la mwisho. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kishone kifuani mwa koti. Mfinye nzi mara tatu au nne, kila mara mahali pakavu, na usimsugue.

Kisha ukanda wa mpira, ule wa kufungia noti. Uning'inize kwenye koti, mnase nzi kwa ndoana kwenye mpira, vuta mshipi ili mpira ukaze, halafu uupige kwa kidole kama anayepiga udi. Maji yanaruka kama moshi. Mpira mmoja hauna bei, na kwa nzi wa CDC sijaona kitu kinachoushinda.

Ndipo poda. Mtie nzi ndani ya chupa akiwa bado kwenye mshipi, funga kifuniko, tikisa kwa sekunde kumi, mtoe, umpulize. Pulizia mbali na uso wako, na penye upepo geuka uupe mgongo. Poda ile ni nyepesi sana na si ya kuvutwa puani. Atatoka mweupe kama aliyeangukia unga. Mpepee mara mbili, weupe utaondoka. Nzi wa manyoya ya jogoo au wa nywele unaweza sasa kumwongezea jeli kidogo, kwa kuwa amekauka. Huo ndio mpangilio, na haupinduliwi: kitambaa, mpira, poda, jeli.

Ukishampata samaki kuna hatua moja inayotangulia zote hizo. Ute wa trauti unashika kwenye manyoya na unavuta maji kama sabuni. Poda juu ya ute inakuwa uji. Kwa hiyo, mara baada ya kumwachilia samaki, msuuze nzi mtoni, umtikise kwa nguvu ndani ya maji mpaka utelezi uishe. Inashangaza kumlowesha kwa makusudi nzi uliyehangaika kumkausha, lakini maji safi yanatoka na ute hautoki. Baada ya hapo anza na leso.

Nzi aliyekamata samaki watatu au wanne mpe mapumziko. Mkate kutoka kwenye mshipi, mchomeke kwenye kofia upande wa jua, funga pacha wake. Ndiyo maana sipandi bara na nzi mmoja mmoja wa aina nyingi. Napanda na aina nne, sita sita kila aina, na wanaofaa kuchovywa wote wamechovywa.

Kamba na mshipi

Kamba ya kurushia ikizama, inamvuta nzi ikiwa chini. Ile ngozi yake ya plastiki hukusanya uchafu, na kwa anayeitumia pia baharini hukusanya chumvi. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, isuuze kwa maji mengi, ipitishe ndani ya kitambaa laini chenye dawa ya kamba. Dawa ya mbu yenye DEET inayeyusha plastiki. Ukijipaka, paka kwa mgongo wa mkono, vidole vibaki safi.

Mshipi mwembamba wa mbele uwe wa nailoni. Ule wa fluorokaboni ni mzito zaidi kuliko maji na unazama haraka, unafaa nzi wa kuzama. Paka sehemu ya mshipi iliyo karibu na kamba mafuta kidogo ielee, lakini sentimita 60 za mwisho karibu na nzi ziache bila kitu. Mshipi unaoelea mpaka kwenye nzi hupiga kivuli kinene chini ya maji tulivu, na samaki anakiona kabla ya kumwona nzi.

Nzi wa kuelea katika hori zetu

Si lazima ungoje likizo ya kupanda bara. Tudor na Mtwapa kuna kolekole na mzia wanaopiga juu ya maji, hasa maji yanapojaa kuelekea mikokoni, na nzi wa kuelea anawafaa vizuri. Ila huyu ni nzi mwingine: mkubwa, wa raba, anayepiga kelele anapovutwa.

Raba nzuri kabisa ipo ufukweni bila malipo. Okota ndara iliyotupwa. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki zilizookotwa, lilivikwa ndara za namna hii likasafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019. Sisi tunahitaji kipande cha ukubwa wa kidole. Kata mche mdogo, uchonge kwa wembe, upasue ufa chini, ingiza ndoana isiyoshika kutu na uifunge kwa gundi kali. Kabla ya kukata, ifinye raba chini ya maji. Ikitoa mapovu na kuvimba tena ni sponji ya wazi kama ya godoro, itanyonya na kuzama. Ile ya ndara ina vyumba vilivyofungwa, maji hayapiti.

Nzi huyu hahitaji jeli wala poda. Kinachomlemea ni mkia: manyoya mengi mno yanakunywa maji yakamketisha kitako. Punguza mkia mpaka alale sawa ndani ya beseni. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya mto na yanamwinua zaidi, kwa hiyo ukimjaribu nyumbani kwa maji ya bomba na akaelea, baharini hutakuwa na wasiwasi naye. Ukirudi mwoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana chembe za chumvi zilizokauka huvuta unyevu wa hewa usiku kucha na ndoana inaoza kisandukuni. Na usiviweke visanduku hivi viwili pamoja. Kisanduku cha hori kikae kivyake, cha mtoni kivyake.

Ukisharudi

Treni ikikushusha Miritini jioni umechoka, kazi iliyobaki ni ya robo saa na usiilalie. Fungua visanduku vyote, viache wazi chini ya feni mpaka asubuhi. Nzi walionuka samaki wasuuze kwa maji safi, uwachomeke kwenye raba. Badilisha vipakiti vya silika. Leso ifue kwa maji matupu, bila sabuni, uianike. Jeli mimi huiweka kwenye mlango wa friji ndani ya mfuko uliofungwa mara mbili, na nimeuandikia kwa kalamu nzito SI YA KULA, kwa sababu nyumba ina watoto.